Hiyo Shufaa Yenu Yanihusu na Mimi?

Msomaji mpenzi, ikiwa umewahi kuketi katika kikao cha ukoo kinachojadili shamba, basi wajua kwamba maneno huanza pole pole kama manyunyu, na kabla chai haijapoa, kila mtu amekwisha simama. Ndivyo ilivyokuwa Desemba iliyopita nilipokwenda upande wa Mumias kuwasalimia wajomba zangu.

Wajomba hao ni watano. Babu mzaa mama, akiwa bado hai na akili zake timamu, aliwaandikisha wote watano katika hati moja ya kumiliki ardhi, kila mmoja na hisa yake, lakini shamba lenyewe halikupata kupimwa wala kutiwa mipaka. Kila mmoja hulima pale alipozoea kulima. Wawili kati yao ni Waislamu na watatu ni Wakristo, jambo ambalo katika sehemu hizo halimshangazi mtu. Pilau ya Idi huliwa na wote, na kuku wa Krismasi huchinjwa na mjomba Mwislamu ili kila mtu aweze kumla.

Sasa Mjomba wa tatu, ambaye ni Mwislamu, alikuwa na karo ya chuo kikuu iliyomkaba shingoni. Alikuwa amekwisha mpata mnunuzi wa hisa yake, mfanyabiashara wa sokoni, na alikuwa amekwisha pokea arbuni, yaani malipo ya kwanza. Habari hizo zilipofika kikaoni, Mjomba Mdogo, ambaye pia ni Mwislamu, aliruka.

"Kaka, huwezi kumuuzia mtu wa nje bila kutuambia," alisema. "Sheria yetu ina kitu kinaitwa shufaa. Mimi mshirika wako ndiye niliye na haki ya kwanza."

Mjomba Mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, alikohoa kidogo. "Ikiwa ni haki ya mshirika, basi na mimi ni mshirika. Hisa hiyo nitainunua mimi."

"La, kaka, samahani. Shufaa ni ya Waislamu."

Mjomba Mkubwa alimtazama kwa muda mrefu. "Tumezaliwa tumbo moja na majina yetu yako katika hati moja. Nijibuni basi. Hiyo shufaa yenu yanihusu na mimi, ama hainihusu?"

Kukawa kimya. Halafu mtu mmoja, naye sitamsamehe upesi, akasema, "Mpwa wetu huandika gazetini. Na atuambie." Nikaomba chai nyingine ili nipate muda wa kufikiri, na tangu siku hiyo nimekuwa nikifukua vitabu. Niliyoyapata ndiyo haya, nami nadhani yatakufaa hata kama ukoo wenu hauna shamba ila ploti ya futi hamsini kwa mia.

Tuanze na neno lenyewe. Mwanafunzi unayesoma ukurasa huu umefunzwa darasani nambari shufwa na nambari witiri. Mbili, nne na sita ni shufwa. Moja, tatu na tano ni witiri. Shufwa na shufaa ni matunda ya mti mmoja wa Kiarabu, na mti huo maana yake ni kukiunganisha kimoja na kingine viwe viwili. Mwenye haki ya shufaa huichukua sehemu iliyouzwa na kuiunganisha na ile aliyo nayo tayari. (Ile shufaa ya kuombewa Siku ya Kiyama nayo ni ya mti huo huo, lakini leo hatuko huko.)

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Mwenzako akiuza sehemu yake ya ardhi kwa mtu wa nje, wewe una haki ya kukaa mahali pa mnunuzi yule. Unalipa bei ile ile aliyolipa yeye, kwa masharti yale yale, na mali inakuwa yako. Hupunguziwi hata senti moja, wala muuzaji hapati hasara, kwani fedha zake anazipata zote. Mnunuzi naye hurudishiwa zake. Linalobadilika ni jina tu. Sababu ya kuwekwa haki hii ni kumkinga mtu na madhara ya kuletewa mgeni asiyemjua ndani ya ua wake, kisimani mwake au katika njia yake ya kutokea.

Kuna kisa kimoja katika hadithi alizozikusanya Imam Bukhari ambacho mimi hukipenda sana. Abu Rafi, aliyekuwa mtumwa wa Mtume kabla ya kuachwa huru, alikuwa na vyumba viwili ndani ya ua wa Sa'd bin Abi Waqqas mjini Madina. Akamwendea Sa'd na kumtaka avinunue. Sa'd hakuvitaka. Mtu aliyekuwapo akamshikilia Sa'd mpaka akakubali, lakini akasema hatatoa zaidi ya dirhamu 4,000, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Abu Rafi akamjibu kwamba yuko mtu aliyekwisha mpa dinari 500 taslimu, ambazo thamani yake ilizidi dirhamu hizo. Hata hivyo alimuuzia Sa'd, kwa kuwa alikuwa amemsikia Mtume akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa sababu ya ukaribu wake. Wazia hayo, msomaji! Katika miji yetu ya leo, ni nani angeuza kwa bei ya chini, tena kwa mkopo, eti kwa ajili ya jirani?

Hadithi nyingine, iliyopokewa kutoka kwa Jabir, yasema kwamba shufaa iko katika kila kitu ambacho hakijagawanywa, na kwamba mipaka ikishawekwa na njia zikishapitishwa, shufaa imekwisha. Hapo ndipo wanachuoni walipoachana njia. Wafuasi wa Abu Hanifa walizichukua hadithi zote mbili na kupanga watu kwa daraja tatu: kwanza mshirika, kisha yule mnayetumia pamoja njia au maji, na mwisho jirani ambaye ukuta wake umegusana na wako. Wafuasi wa Malik, Shafi na Ahmad bin Hanbal walisema haki hiyo ni ya mshirika peke yake, na mali iwe bado haijagawanywa. Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafi, kwa hivyo jirani wa Kibokoni au Lamu hawezi kudai shufaa kwa kuwa tu mnashiriki ukuta. Lakini wajomba zangu, ambao shamba lao halijapimwa, wamo ndani ya shufaa kwa madhehebu yote.

Na kwa wale wenye nyumba za Majengo pale Mombasa, nyumba za Kiswahili zilizojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, zile tunazoziita "nyumba bila ardhi", nawapeni habari ambayo pengine haitawapendeza. Vitabu vya fikihi vyasema wazi kwamba jengo au mitende ikiuzwa peke yake bila ya kiwanja, hakuna shufaa. Ni mali ya kuondoshwa, nayo shufaa hufuata ardhi.

Sasa tuje kwenye swali la Mjomba Mkubwa. Je, asiye Mwislamu ana shufaa?

Nilipolifungua jambo hili nilitarajia kukuta jibu kali. Nikakuta kwamba wanachuoni wengi walikuwa upande wa mjomba wangu. Kitabu cha Hidaya, alichokiandika Burhanuddin al-Marghinani wa Asia ya Kati, aliyefariki mwaka 1197, chasema kwamba katika shufaa Mwislamu na dhimi ni sawasawa. Dhimi walikuwa Wayahudi, Wakristo na wengineo walioishi kwa mkataba chini ya dola ya Kiislamu. Sababu anayoitoa ni nyepesi: wote wawili wana sababu moja, yaani ardhi zilizoungana, na hekima ya sheria ni moja, yaani kuondoa madhara. Malik na Shafi nao walisema hivyo hivyo. Walilinganisha jambo hili na mtu aliyenunua kitu chenye kasoro akataka kukirudisha. Hakuna amwulizaye dini yake kabla ya kumrudishia fedha.

Aliyepinga ni Ahmad bin Hanbal. Yeye na wafuasi wake walisema kwamba ardhi ikishanunuliwa na Mwislamu, asiyekuwa Mwislamu hana nguvu ya kumwondoa. Lakini hata wao waliikubali shufaa ya dhimi juu ya dhimi mwenzake. Liweke neno hilo akilini, maana nitalirudia.

Basi kwa wenye vitabu, ukuta na mpaka ndivyo vilivyotazamwa kwanza, na dini ya mtu baadaye, au isitazamwe kabisa. Jambo hili lilikuja kutatanishwa miaka mingi baadaye, tena mbali na Uarabuni. Lilitatanishwa katika mahakama za Waingereza huko Bara Hindi.

Huko Waislamu na Wahindu (nasema Wahindu kwa maana ya wafuasi wa dini ya Kihindu, si kila Mhindi) waliishi ukuta kwa ukuta kwa karne nyingi. Shufaa iliingia na watawala Waislamu, ikazoeleka kiasi kwamba katika sehemu za Bihar na Gujarat, Wahindu wenyewe waliifuata baina yao kama desturi ya mahali. Hakuna aliyewashurutisha. Waliona inafaa. Waingereza walipokuja waliweka kanuni kwamba Mwislamu atahukumiwa kwa sheria yake katika mambo ya ndoa, urithi na ya dini, na Mhindu kwa yake. Ni kanuni nzuri mpaka siku Mwislamu atakapomuuzia Mhindu ardhi, na Mwislamu wa tatu asimame kudai shufaa. Hapo sheria ya nani itafuatwa?

Mnamo 1869 Mahakama Kuu ya Calcutta ilikaa na jopo la majaji kulikata shauri la namna hiyo. Majaji hawakukubaliana wote, lakini walio wengi, miongoni mwao Jaji Dwarkanath Mitter, walisema kwamba shufaa ni haki ya kumtaka mnunuzi akuuzie tena alichonunua. Haiko ndani ya ardhi. Na kwa kuwa mnunuzi ni Mhindu, ambaye hakuapa kufuata sheria ya Kiislamu, hawezi kufungwa nayo. Alinunua kwa fedha zake katika soko huru, basi aachwe na mali yake.

Ukilisikia hivyo laonekana ni jambo la haki, sivyo? Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kukubali. Lakini litazame tena kwa jicho la mshirika aliyebaki. Ikiwa haki yake inakufa pale tu mnunuzi anapokuwa wa dini nyingine, basi muuzaji mwenye hila ana njia rahisi kabisa ya kuiua: amtafute mnunuzi wa dini nyingine. Na jirani wa dini nyingine atakuwa amegeuzwa kuwa chombo cha kuvunjia haki za watu, jambo ambalo halitamletea salamu njema asubuhi anapofungua mlango.

Miaka kumi na sita baadaye, mwaka 1885, swali lile lile lilifika katika Mahakama Kuu ya Allahabad, katika kesi ya Gobind Dayal na Inayatullah. Muuzaji alikuwa Mwislamu, mdai Mwislamu, mnunuzi Mhindu. Miongoni mwa majaji alikuwamo Syed Mahmood, mtoto wa Sir Syed Ahmad Khan aliyeanzisha chuo cha Aligarh mwaka 1875. Alikuwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea Cambridge, na aliyekijua Kiarabu vilevile. Majaji wa Kiingereza walikuwa wakiisoma Hidaya katika tafsiri ya Charles Hamilton ya 1791, iliyotoka Kiarabu ikapita kwenye Kiajemi ndipo ikafika Kiingereza, na wajua yanayotokea maziwa yakimiminwa katika vibuyu vitatu. Mahmood aliyarudia maandishi ya Kiarabu yenyewe.

Alichokisema, kwa ufupi, ni hiki. Shufaa haizaliwi siku ya mauzo. Ilikuwapo tangu zamani ndani ya ardhi, kama vile haki ya kupita katika njia ya jirani au ya kuteka maji. Mauzo ni saa tu ya kuitumia. Kwa hivyo yule Mwislamu aliyeuza hakuwa na mali huru ya kumpa amtakaye. Alikuwa na mali iliyofungwa kamba mguuni. Na mnunuzi, awe nani, hawezi kupata zaidi ya alichokuwa nacho muuzaji. Ukinunua shamba lenye njia ya watu katikati, huwezi kuifunga njia eti kwa sababu wewe husali msikiti mmoja na wapitao. Mhindu hakuwa anahukumiwa kwa dini ya Kiislamu. Alikuwa amenunua ardhi pamoja na mzigo wake.

Mimi naona Mahmood alikuwa na haki, na Calcutta walikosea.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Mahakama hizo hizo za Bara Hindi zilisema pia kwamba Mhindu hawezi kuidai shufaa kwa Mwislamu, isipokuwa pale ambapo desturi ya mahali yampa haki hiyo, kwa hoja kwamba yeye mwenyewe hafungwi nayo siku akiuza chake. Kutoa ni kupokea, walisema. Waona jinsi mambo yalivyopinduka? Kitabu cha karne ya kumi na mbili kilimpa asiye Mwislamu haki ambayo mahakama za karne ya kumi na tisa zilimnyima, na zote zilisema zinafuata kitabu hicho hicho. Hii ndiyo hasara ya kuigeuza sheria ya ukuta ikawa sheria ya kabila la dini.

Baada ya uhuru, Mahakama ya Juu ya India iliurudia mjadala huo katika mwaka wa 1954, katika kesi ya nyumba za mji wa Banaras, mji ambao kwa Wahindu ni mtakatifu. Wenye kesi walikuwa Wahindu wakigombania desturi iliyotokana na sheria ya Kiislamu! Mahakama ikasema kwamba desturi hiyo imeshikamana na mali yenyewe, na kila mwenye mali pale hufungwa nayo, awe mwenyeji au mgeni, wa dini hii au ile. Neno la Mahmood lilikuwa limeshinda.

Halafu ukaja mwaka 1962, na hapa naomba utulie, maana hii ndiyo sehemu chungu. Katika kesi ya Bhau Ram na Baij Nath mahakama hiyo hiyo iliitupa shufaa ya jirani kuwa haipatani na katiba, ikaiacha ile ya washirika. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba haki hiyo ya jirani ilisaidia kuiweka mitaa katika makundi ya dini moja na tabaka moja, wasiopendwa wabaki nje. Fikiria mtaa ambao kila nyumba inayouzwa hunyakuliwa na jirani ili asije "mtu wa aina ile". Fedha ni halali, sheria imefuatwa, na bado kuna familia inayozungushwa mji mzima na watoto wake ikitafuta pa kukaa. Nasi twajua mitaa ambako mwenye nyumba husikiliza kwanza jina la mpangaji ndipo aseme kama chumba kipo.

Kwa hivyo haki ile ile yaweza kuwa ngao na yaweza kuwa fimbo. Wanachuoni wa kale nao hawakuwa wajinga wa jambo hilo, wala watu wa kale hawakukosa hila za kuikwepa. Muuzaji asiyetaka jirani yake adai shufaa aliuza kiwanja chote isipokuwa ukanda wa dhiraa moja kando ya mpaka. Basi jirani hakuwa tena jirani wa kilichouzwa. Mwingine aliandika bei ya kutisha, kisha akapokea badala yake nguo ya thamani ndogo. Bukhari aliweka mlango mzima juu ya hila, na shufaa imo humo, naye hakuzifurahia.

Nchi ya Misri ilichukua njia nyingine, nayo yafaa kuisoma. Kanuni yake ya madai ya 1948, iliyotungwa na mwanasheria Abd al-Razzaq al-Sanhuri, iliitoa shufaa katika vitabu vya fikihi na kuifanya sheria ya nchi kwa kila mtu, Mwislamu na Mkristo wa Kikopti sawasawa. Mdai hupewa siku 15 tangu alipoarifiwa rasmi kutangaza kwamba anaitaka mali, na siku 30 baada ya kutangaza kuiweka bei yote mahakamani. Anayepiga kelele bila fedha haendi mbali. Tena kuna kifungu kimoja kilichonigusa: mali ikiuzwa ili kujengwa mahali pa kuabudia, shufaa haikubaliwi. Sheria haikusema msikiti wala kanisa.

Turudi kwetu. Kenya haina sheria ya shufaa kwa jina hilo. Mahakama za Kadhi, kwa Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, tena wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kwenda huko. Kugombania hisa ya shamba kati ya ndugu wa dini mbili si kazi yake. Hiyo ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini tazama Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 91. Chasema kwamba watu wanaomiliki ardhi kwa hisa zisizogawanywa, mmoja wao hawezi kuitoa hisa yake kwa mtu wa nje bila ya wenzake kukubali kwa maandishi. Kumuuzia mshirika mwenzake hakuhitaji idhini hiyo. Na wale wenzake nao hawaruhusiwi kuinyima idhini bila ya sababu ya maana.

Si shufaa kamili, kwani haimpi mshirika nguvu ya kukaa mahali pa mnunuzi kwa bei ile ile. Lakini ni binamu yake wa karibu, nayo haitaji dini hata kidogo. Na mtu akiinyima idhini kwa kuwa mnunuzi ni Mwislamu, au ni Mkristo, mimi sioni jinsi atakavyoiita hiyo sababu ya maana mbele ya jaji, maana Ibara ya 27 ya Katiba imekataza mtu kumbagua mwenziwe kwa dini yake. Kumbuka pia kwamba shamba la kilimo huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, na arbuni iliyopokewa kwenye hoteli ya chai haizidi nguvu ya bodi hiyo.

Nilipowapigia simu wajomba zangu, niliuliza swali moja ambalo siku ile hakuna aliyekuwa ameliuliza. Yule mnunuzi wa sokoni ni wa dini gani? Kumbe ni Mkristo, tena wa kanisa moja na Mjomba Mkubwa. Basi hata tukiufuata msimamo wa Hanbali, ulio mkali kuliko yote, Mjomba Mkubwa ana haki ya kumwondoa. Na kwa Malik, Shafi na Abu Hanifa alikuwa nayo tangu mwanzo.

"Wewe wasema kweli, mpwa?" Mjomba Mdogo aliuliza. Nikamwambia na asimwulize mpwa, amwulize shehe wake. Alikwenda, naye akarudi na jibu hilo hilo, na zaidi. Shehe alimwambia kwamba washirika wawili wakiidai shufaa pamoja, Mashafi hugawa kwa kadiri ya hisa za kila mmoja na Mahanafi hugawa kwa vichwa. Kwa kuwa hisa zao ni sawa, hesabu inatoka ile ile. Nusu kwa nusu.

Mjomba Mkubwa aliuza ng'ombe wawili. Mjomba Mdogo alichukua mkopo wa chama. Mfanyabiashara alirudishiwa arbuni yake, akanung'unika, akanywa soda na kwenda zake. Mtoto amekwisha rudi chuoni. Lililobaki ni soroveya, ambaye anatarajiwa mwezi ujao, na wajomba wawili ambao hawajakubaliana bado ni nani atapata upande wenye kisima.